Ua Lipendalo Kivuli

Sisi na wanafunzi wetu tulipanda milima ya Usambara Mashariki hata msitu wa Amani. Huko, penye mwamba wenye unyevu, tuliliona ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alimpelekea babaye mbegu zake Ulaya. Leo lapandwa vyunguni, madirishani mwa nyumba nyingi za huko. Lakini hapa kwao ni haba, kwani mti mkubwa ukatwapo, jua huupiga mwamba, nalo hunyauka. Mtoto mmoja alitaka kulichuma, tukamzuia. Tangu 1997 msitu wa Amani ni hifadhi. Basi, enyi walimu, wafundisheni watoto: atakaye kulilinda ua hili, na aulinde kwanza mti ulitiao kivuli.