Jumapili Yangu ya Kwanza Iramba

Mtoto wa shemeji yangu alikuwa abatizwe mwezi wa Julai, nami nikaombwa kumsimamia. Ndivyo nilivyofika Singida kwa mara ya kwanza. Basi la kutoka Dar es Salaam lilitushusha jioni, jua likizama nyuma ya majabali ya Ziwa Singidani. Kesho yake tulishika barabara ya Nzega, tukachepuka Misigiri kwenda Kiomboi, wilayani Iramba, alizeti zilizokauka zikiinamisha vichwa huku na huku.

Njia nzima nilikuwa na jambo moja moyoni. Usharika wangu ulikuwa unachangia kinanda na spika mpya, nami nilikuwa nimesimama kikaoni nikasema kwamba Kanisa la kwanza halikuwa na vitu hivyo. Ni kweli halikuwa navyo. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kwa kupokezana. Walisali majumbani, majengo makubwa yalishamiri baada ya kupewa uhuru mwaka 313. Hata kupiga magoti Jumapili, ambako kwetu ndiko kunyenyekea, Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikukataza: siku hiyo watu wasali wamesimama.

Jumapili asubuhi tuliingia kanisa la Kilutheri. Injili ililetwa Iramba na Wajerumani wa Misheni ya Leipzig, na tangu miaka ya 1920 Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana wakaiendeleza kazi hiyo. Humo nilikuta yote niliyoyapinga: kinanda, spika, kwaya nne zenye sare, bahasha za ahadi, matangazo yasiyokwisha. Mtoto akabatizwa, nikamshika, akalala mikononi mwangu spika zikivuma.

Baada ya baraka tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka. Wasio na fedha walikuwa wameleta mazao: uwele, vitunguu, mayai, na jogoo mmoja mwekundu aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Jogoo akanunuliwa kwa shilingi 12,000. Mnunuzi akasema, "Namrudisha." Akanadiwa tena, akafika 15,000, akarudishwa tena. Mara ya tatu alimchukua mama mmoja kwa 20,000. "Huyu apelekwe kwa bibi," akasema.

Bibi mwenyewe alikuwa mgonjwa, hajafika kanisani tangu mvua za masika. Mchungaji alichukua kijisanduku cheusi, wazee wawili wakamfuata, nami nikapewa jogoo nimbebe. Tulitembea kama nusu saa. Ndani kulikuwa na kitanda, kigoda na dirisha dogo. Mchungaji alitandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, akatoa kikombe kisichozidi kikombe cha kahawa, akaanza liturujia kwa sauti ya chini. Bibi alijibu kila itikio bila kitabu. Alipokwisha kupokea mkate na divai alinyoosha mkono, akampapasa jogoo mgongoni, akauliza, "Na huyu katoka kwa nani?" Tukamwambia.

Pale ndipo nilipomkumbuka Yustino Mfiadini. Mnamo mwaka 155 hivi, akiwa Roma, aliieleza ibada ya Jumapili: maandiko husomwa, kiongozi huonya, watu husimama kuomba, mkate hugawanywa, kisha mashemasi huwapelekea wasiokuwepo. Wenye uwezo hutoa kwa hiari, na kilichotolewa huwafaa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma mara nyingi, nikitafuta vitu ambavyo havimo ili niwashinde wenzangu. Vilivyomo nilivipita. Usharika huu wenye kinanda ulikuwa unavitenda, na kinanda hakikuuzuia.

Niliporudi Dar es Salaam, katika kikao kilichofuata sikugusa habari ya spika. Niliomba orodha ya wagonjwa wa jumuiya yetu. Haikuwepo. Tukaanza kuiandika jioni ileile, na jina la kwanza likawa la mzee ambaye nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja.