Paa la Mama

Nyumba yetu ya Nyasubi, Kahama, ina vyumba sita. Mgodi wa Buzwagi, jirani yetu, ulipoanza uzalishaji mwaka 2009, chumba hakikukaa wazi hata wiki. Mpangaji alitoa kodi ya miezi sita mkononi. Uzalishaji ulipokoma mwaka 2021, wapangaji wakabeba magodoro yao mmoja mmoja. Vyumba vinne wakabaki mende.

Ndipo dalali akaja. "Uzeni sasa, kijana," akaninong'oneza. "Kesho hata bure hawaitaki." Mimi, niliyeishia kidato cha nne na riwaya mkobani, nikakubali moyoni. Hela ile ingetosha kuichapisha.

Mama hakumjibu. Kipupwe kilipofika, mvua ikiwa bado mbali, akanipandisha juu ya paa. Nikagongelea misumari iliyolegea, nikaziba matundu ya bati kwa lami, kisha nikapiga plasta chini ya ukuta ulioliwa na maji. "Nyumba hutibiwa ikiwa kavu, mwanangu," akasema.

Novemba mvua ikapiga usiku kucha. Nilikuwa naandika. Karatasi hazikupata hata tone. Jamani, niliona haya: nilitaka kuuza paa lililozifunika.