Shall ya Mama, Shall ya Bunge

Shuleni tulikariri orodha: can, may, must, shall. Hii ya mwisho ilikuja na masharti. Ukizungumzia kesho, shall ni ya "I" na "we". Wengine wote wapewe will. Ukigeuza mambo, ukamwambia mtu "you shall", hapo umeacha kutabiri. Unaamuru.

Sikuhitaji Kiingereza kuelewa hilo. Mama akisema "utaosha vyombo", hakuwa mtabiri wa hali ya hewa. Ile -ta- yake ilikuwa na mwiko ndani. Na katika miaka yote ile, hakuna ndugu yangu aliyewahi kumjibu kwamba vyombo vitaoshwa hatua kwa hatua, kadiri mazingira yatakavyoruhusu.

Sasa fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 81(b). Katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa (vyombo tena!), wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Kitenzi chenyewe kwa Kiingereza ni shall. Shangazi yangu, aliyegombea kiti cha MCA akaanguka, alikisoma akacheka: "Hii iliandikwa na mama wa mtu."

Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaulizwa hiyo shall inaanza kufanya kazi lini. Majaji wengi wakasema neno hilo huwa amri ya papo hapo pale tu kazi yenyewe inapokuwa tayari kutekelezwa jinsi ilivyo. Hii ya jinsia ingekuja polepole, na Bunge likapewa hadi tarehe 27 Agosti 2015 kutunga sheria. Jaji Mkuu Willy Mutunga alikataa. Kwake, ilipaswa kuanza na uchaguzi wa 2013.

Niwe mkweli, hoja ya wale wengi naiona. Kwa mabunge ya kaunti, Katiba ilieleza pengo litajazwaje: viti vya uteuzi. Kwa Bunge la Taifa haikueleza. Lakini kukosa maelezo ya namna ya kuosha sufuria hakujawahi kuwa ruhusa ya kuiacha sinki.

Bunge lilijiongezea mwaka mmoja, halafu miswada ikaanza kuanguka, mara nyingine kwa sababu tu wabunge hawakutosha ukumbini kupiga kura. Afrika Kusini waliandika katiba yao ya 1996 kwa must badala ya shall. Sisi sidhani ingetusaidia. Bunge la watu 349 linahitaji wanawake 117, na wanaotakiwa kupitisha sheria hiyo ndio watakaopisha viti.

Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge. Kifungu cha 261(7) kina shall mbili: Jaji Mkuu atashauri, Rais atavunja. Ya kwanza ilitekelezwa. Bunge likabaki mpaka uchaguzi wa 2022.

Nilimsomea shangazi kifungu hicho kwa simu. Akanyamaza kidogo.

"Haya, na hiyo ya Rais nayo ni ya polepole?"