Kijana alitaka injini ya turbo, mama akauliza habari ya breki

Kwa miezi 14 kijana huyo alikuwa akiweka akiba kwenye simu bila kumwambia mtu nyumbani. Mama yake aliona amepunguza matumizi, hanunui nguo, hatoki na wenzake mwisho wa mwezi, akadhani anajiandaa kuoa. Hakumuuliza. Mambo ya namna hiyo mzazi husubiri aambiwe.

Siku ilipofika, hakuambiwa na mwanawe. Alipigiwa simu na fundi mzee wa Gerezani, jijini Dar es Salaam, rafiki wa marehemu mumewe.

"Shemeji," fundi alisema, "kijana ameleta gari hapa. Anataka nitoe injini, niweke ya turbo. Lakini kadi ina jina lako. Sifungui hata nati moja mpaka uje mwenyewe."

Gari lenyewe ni Toyota Starlet, toleo la EP91, lililotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 1999. Mume alilinunua likiwa limetoka bandarini, akalitunza kama mtoto wa mwisho. Ndilo lililowapeleka watoto shule, na ndilo lililompeleka yeye hospitali mara ya mwisho, miaka sita iliyopita. Sasa injini yake imechoka. Kila asubuhi linatoa moshi wa bluu, na oili inaongezwa kila baada ya wiki mbili. Kwamba injini ingebadilishwa, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa iwekwe ipi.

Mwaka mmoja nyuma kijana aliwahi kulitaja neno turbo jikoni, mama akiwa anakoroga mboga. Jibu halikuchukua hata dakika moja. "Turbo kwenye gari la baba yako? Nikiwa hai, hapana." Mama huyo ni muuguzi wa wodi ya majeruhi. Kwa miaka mingi amewapokea vijana waliotoka nyumbani wazima jioni, wakaletwa usiku hawajitambui. Kwake neno hilo lilikuwa na harufu ya wodi.

Kijana alinyamaza, na mama akadhani yameisha. Kumbe yalikuwa yamehamia kwenye simu, shilingi kwa shilingi.

Kesho yake mama alitoka zamu ya usiku, akapanda daladala moja kwa moja hadi Gerezani akiwa bado na viatu vyake vya kazi. Alimkuta mwanawe amesimama kando ya gari, ameinamisha kichwa. Hakumfokea. Alimwamkia fundi, akavutiwa benchi, akasema, "Nieleze. Nataka kuelewa kabla sijakataa."

Fundi akamweleza kwamba zilikuwepo njia tatu.

Ya kwanza ni kuikarabati injini iliyopo, ambayo ni 4E-FE ya cc 1,331, kisha kuifungia turbo. Inasikika kama njia nyepesi, na wapo wanaoifuata. Fundi hakuitaka. Uwiano wa mgandamizo wa injini hiyo ni 9.6 kwa 1, wakati ile iliyotoka kiwandani na turbo ina 8.2 kwa 1. Turbo kazi yake ni kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Kama mgandamizo tayari uko juu, joto hupanda, mafuta huwaka kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayoumia. "Itakimbia miezi michache, wote mtaifurahia," alisema fundi, "halafu mtarudi hapa na pistoni iliyotoboka."

Ya pili ni 4A-GE ya valvu 20, injini ya cc 1,587 iliyokuwa kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za miaka ya 1990. Ina nguvu ya farasi 160 bila turbo yoyote, na sauti yake ndiyo inayowatoa vijana udenda. Lakini si ya ukoo mmoja na injini ya Starlet. Vishikizo vya injini vingepaswa kuchomelewa upya, shafti za magurudumu zitafutwe za kulazimisha, waya zipangwe upya, na uzito wa mbele uongezeke. "Penye kuchomelea sana pana kukisia," alisema fundi, "na mimi gari la marehemu silikisii."

Ya tatu ni 4E-FTE, ndugu wa damu wa injini iliyopo. Ni cc 1,331 zilezile, ila imejengwa kwa ajili ya turbo, ile ndogo iitwayo CT9. Toyota yenyewe iliifunga kwenye Starlet Glanza V, yenye bodi ileile ya EP91. Inakaa palepale ilipokaa ya zamani. Ya zamani hutoa farasi 85 hivi, hii hutoa 135. Ndiyo ambayo kijana alikuwa amekwisha kuilipia malipo ya awali.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia mwanawe, akauliza swali moja tu.

"Farasi 135. Linasimamaje?"

"Breki zipo, mama."

Fundi akatikisa kichwa. "Breki zilizopo zilipimwa kwa farasi 85, baba. Na zimechakaa."

Kijana hakuwa na jibu. Kwenye simu yake alikuwa na orodha nzima ya vitu vya kununua: injini, ekzosi ya kelele, kifaa cha kuongeza msukumo wa turbo, saa ya kuusoma msukumo huo. Neno breki halikuwemo.

Mama hakuhubiri. Alisema tu kile anachokiona kazini, kwamba waliogonga wakiwa mwendo mdogo huondoka na plasta, na waliogonga wakiwa mbio huondoka na fimbo za kutembelea, kama wanaondoka. Fundi akaongeza hesabu yake. Gari likitoka mwendo wa 50 kwa saa hadi 100, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza imeongezeka mara nne. Ndiyo maana Toyota ilipoweka turbo kwenye gari hili haikuishia kwenye injini. Iliongeza na breki za mbele.

Hapo orodha ikaandikwa upya, kwenye karatasi ya boksi la plagi, kwa mwandiko wa mama.

Juu kabisa waliandika breki. Kwa sababu hiyo, fundi alishauri wasichukue injini tupu bali nusu nzima ya mbele ya gari iliyokatwa Japani, ile ambayo wauzaji huiita nosikati. Humo injini huja na giaboksi yake, shafti zake, waya zake, kompyuta yake na breki zake kubwa za mbele. Muuzaji alikubali kubadilishana kwa kuongezewa fedha. Fedha hizo zilitoka kwenye ekzosi ya kelele na kifaa cha kuongeza msukumo, ambavyo vilifutwa. Rimu za zamani za inchi 13 zilikuwa ndogo kwa diski hizo, zikatafutwa za inchi 14. Matairi manne mapya alinunua mama kwa fedha yake. Shokapu nazo zikabadilishwa.

Kabla ya kulipa, fundi aliikagua injini. Alipima kompresheni ya silinda zote nne, kwa kuwa moja ikiwa chini ya wenzake ndiyo itakayoharibu safari. Alifungua kifuniko cha oili kuangalia kama kuna tope. Alishika mhimili wa turbo kwa vidole kuona kama unacheza. Alilinganisha namba ya injini na karatasi za forodha. Kabla ya kuifunga alibadilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sili za oili na klachi, vitu ambavyo ni rahisi kuvifikia injini ikiwa chini na ni ghali ikiwa imeshakaa.

Kazi ya waya aliachiwa kijana. Amesoma umeme wa magari VETA, na kwa Jumamosi tatu alikaa na taa ya kichwani akiunganisha waya mmoja baada ya mwingine. Jumamosi ya pili mama alimletea chakula. Walikula wakiwa wamekaa juu ya matairi ya zamani, na hapo ndipo jambo lililobaki lilipozungumzwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa, mama."

"Ningekataa. Na nilishakataa nikiwa nimesimama, sikukaa nikusikilize. Hilo ni kosa langu. La kunificha ni lako."

Kijana aliomba msamaha. Kisha akasema jambo ambalo mama hakulitarajia. Kila alipowasha gari na kuona ule moshi wa bluu, alikuwa akimwona baba yake akikohoa. Hakutaka gari hilo nalo life taratibu mbele ya macho yao. Alitaka liamke. Mama alikaa kimya muda mrefu, sufuria mapajani.

Gari lilipokamilika halikutoka siku hiyo. Kadi ya gari huandikwa namba ya injini, na namba hiyo sasa haikulingana na iliyo chini ya boneti. Mama alikataa ufunguo usigeuzwe barabarani mpaka taarifa za kadi zibadilishwe TRA na kampuni ya bima iarifiwe. Gari lenye injini isiyojulikana kwenye karatasi likipata ajali, anayeumia mara ya pili ni mwenye kadi. Starlet ikakaa siku tisa kwa fundi imefunikwa turubai.

Lilibaki suala la msukumo wa turbo. Kiwandani ulipangwa ufikie bar 0.65 hivi. Kwenye turbo hiyo kuna fimbo ndogo yenye nati. Ukiizungusha nati na kufupisha fimbo, msukumo hupanda, na vijana wengi huizungusha wiki ya kwanza. Fundi hakutoa hotuba. Alichukua brashi, akapaka rangi nyekundu juu ya nati na fimbo. Ikizungushwa, rangi itapasuka. Akamwonyesha mama mahali pa kuangalia.

Jumapili alfajiri walitoka, kijana kwenye usukani, mama pembeni yake, fundi nyuma. Katika barabara tupu fundi aliagiza mwendo wa 50, kisha breki. Gari likasimama limenyooka. Wakarudia tena na tena hadi pedi mpya zikakaa sawa. Ndipo fundi aliporuhusu kijana akanyage mafuta mara moja, pasipo na watu. Mama alishika mkanda wake kwa mikono miwili. Alipoulizwa baadaye alikiri kwamba alicheka kwa sauti, jambo ambalo hajalifanya ndani ya gari hilo tangu mumewe afariki.

Walipofika nyumbani kijana hakuzima injini. Aliiacha inguruma polepole kwa dakika moja ili oili ipoze turbo, kama alivyofundishwa. Mama alisubiri naye.

Jumapili iliyofuata, kabla ya ibada, mama alifungua boneti akaangalia rangi nyekundu. Ilikuwa nzima. Jumapili ya pili na ya tatu alifanya vivyo hivyo, mwanawe akimtazama dirishani bila kusema neno.

Jumapili ya nne alisahau.