Mwanga wa Jiwe

Wasafiri waendao Iringa na Mbeya huijua Ruaha Mbuyuni kwa mibuyu yake na kwa vitunguu vinavyopangwa kando ya barabara kuu. Mimi naikumbuka kwa mawe mawili. Basi letu liliharibika pale jioni, na giza likatukuta tungali tukimsubiri fundi. Kijana mmoja muuza vitunguu akaokota mawe meupe ya mtoni, akayasugua kwa nguvu. Ndani yake ukawaka mwanga hafifu wa manjano, kisha ukazimika. Hapakuwa na moto wala moshi, ila harufu kama ya kitu kilichoungua.

Sisi wa visiwani hatujazoea hayo. Majumba yetu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo asili yake ni chokaa, nayo hayazai umeme yakibanwa. Mawe ya Ruaha yalikuwa ya kwatsi. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba fuwele ya kwatsi ikibanwa, upande mmoja hupata chaji chanya na wa pili chaji hasi. Saa nyingi za mkononi huhesabu sekunde kwa tabia hiyo hiyo. Na mwamba wenye kwatsi nyingi ukipasuliwa maabarani hutoa mwanga na mawimbi ya sumakuumeme, ambayo vyombo huyanasa.

Nikawaeleza hayo abiria wenzangu, kwa fahari ya mtu aliyejisomea mwenyewe. Mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Bukoba, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Basi, mwanangu, kabla ya lile tetemeko letu mawe yalisema, nasi hatukusikia?"

Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi. Ya mama huyu ilikuwa mojawapo.

Nilikuwa nimekwisha kutunga ubeti juu ya ardhi inayomwonya mwanawe kabla ya kumpiga. Vina vilikaa, mizani ilitimia. Lakini nilijua pia habari za California. Kabla ya tetemeko la Oktoba 1989, chombo kilichokuwa kiasi cha kilomita 7 kutoka kitovuni kilinasa mabadiliko ya sumaku, na wengi wakatumaini kwamba ufunguo umepatikana. Mwaka 2009 watafiti wengine wakatoa hoja kwamba kasoro ilikuwa ya chombo chenyewe. Hadi leo hakuna njia iliyothibitika ya kuzisoma ishara hizo na kutaja siku ya tetemeko. Kumjibu "ndiyo" kungekuwa kumtwika mama yule hatia ya uziwi asiokuwa nao.

"La, mama," nikamwambia. "Mwamba ukivunjika hutoa ishara, lakini hajapatikana wa kuifasiri. Hamkupuuza kitu."

Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba nyumba yake mpya imezungushiwa mkanda wa zege juu ya madirisha, kama alivyoshauriwa na fundi. Nikaona kwamba mkanda ule ulikuwa na faida kuliko ubeti wangu.

Mfasiri hana ruhusa ya kufasiri asilolielewa, hata vina vikimsihi. Nilipofika Mbeya niliufuta ubeti. Mawe yale kijana alinipa, ninayo mezani hadi leo. Mgeni akija usiku huzima taa nikayasugua. Akiniuliza yanasema nini, humjibu kwamba yanang'aa.