Mwiteni Askari wa Reli

Ukikaa nasi hapa Ng'ambo, mjini Tabora, utasikia honi ya gari la moshi, nawe ukifika stesheni utamwona askari polisi akizunguka kati ya abiria. Wengine humwogopa, wengine humdharau. Yafaa tuijue kazi yake.

Zamani misafara ya pembe na watumwa ilipita hapa kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo. Walinzi wake walimtii tajiri aliyewalipa, na mnyonge hakuwa na pa kushtaki. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na Mwanza 1928. Leo Kikosi cha Reli ni sehemu ya Jeshi la Polisi la Tanzania. Askari wake hulinda abiria, mizigo na njia yenyewe. Hupeleleza wizi na kukamata wahalifu. Nguvu yao yatoka katika sheria, na sheria hiyo hiyo yawafunga: wamkamatapo mtu yawapasa kumwambia sababu, na asikae mikononi mwao siku nyingi bila kufikishwa mahakamani. Kuhukumu si kazi yao.

Wala si kazi yetu. Siku moja mtaani kwetu kijana alikutwa na gunia la vyuma vile vinavyoshika reli juu ya mataruma, akivipeleka kuviuza kama vyuma chakavu. Watu wakashika fimbo na mawe. Bibi mmoja akapenya katikati, akasema, "Wanangu, mkimwua huyu, nani atatuonyesha mahali alipoving'oa? Mjukuu wangu yumo katika gari la usiku huu." Fimbo zikashuka. Polisi wakaitwa, kijana akawaongoza hadi mahali penyewe, na mafundi wakapatengeneza kabla gari halijapita.

Litafakari neno la bibi yule. Sheria yamruhusu raia kumkamata mtu amwonaye akitenda kosa kubwa, lakini yamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Mwizi aliye hai huulizwa akajibu. Maiti haijibu, na reli iliyolegea huua wasio na hatia.

Basi, mzazi, waonye watoto wasiguse vyuma vya reli. Ukiona njia imeharibiwa, kimbia stesheni ukaseme. Na askari akikuonea, mshtaki kwa mkubwa wake, maana naye yu chini ya sheria kama wewe.