Usiache Mbachao

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuimba wimbo mzima bila kujua maana yake? Mimi nimeimba. Nyimbo za Lingala nilizicheza ujana wangu wote na hadi leo sijui zinasema nini. Lakini mimi huimba nikifua nguo, wala hakuna anayenilipa.

Binti yangu na binamu yake huimba harusini kwa Kiswahili, na watu huwatunza vizuri. Mwaka jana niliwashauri warekodi wimbo wa Kiingereza ili wafike mbali. Wakanisikiza. Siku tulipoucheza nyumbani, bibi yao alitega sikio, kisha akauliza, "Hawa ni kina nani?"

Swali hilo lilinikumbusha santuri niliyoletewa na marehemu kaka yangu, aliyekuwa baharia. Ni albamu ya mwaka 1979 iitwayo Pink Lady, ya Wajapani wawili, Mie na Kei, marafiki tangu shuleni huko Shizuoka. Walianza kurekodi mwaka 1976, na punde watoto Japani nzima wakawa wanaiga miondoko yao. Kibao chao UFO kilitwaa tuzo kuu ya rekodi nchini humo mwaka 1978.

Ndipo wakapelekwa Marekani, waimbe kwa Kiingereza, lugha wasiyoijua sawasawa. Katika santuri ile sauti ni tamu na muziki ni wa disko. Hata hivyo, kila nikiisikiliza nawaona kama wageni walioketi kwenye ncha ya kiti.

Wimbo wao Kiss in the Dark ulifika nafasi ya 37 kwenye chati ya Marekani. Si haba. Lakini mwaka 1963 mwenzao Kyu Sakamoto alikuwa ameshika nafasi ya kwanza huko huko, akiimba Kijapani chake! Mwaka 1980 mabinti hao walipewa kipindi cha televisheni, wakawa wakikariri Kiingereza kwa sauti tu. Kiliondolewa baada ya wiki chache. Nyumbani nako mashabiki walikuwa wamepungua, na mwaka 1981 wakaagana na jukwaa.

Sisemi, msomaji, kwamba lugha ya kigeni ni sumu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakukataza kutazama msala. Urafiki wa Mie na Kei haukufa. Walirudi jukwaani mara kadhaa, na mwaka 2010 wakatangaza kwamba kule kuvunjika kumefutwa.

Nimewaomba mabinti zangu radhi. Kosa lilikuwa langu, kwani niliwatuma mbali kabla ya kuwauliza wanataka kumwimbia nani. Wimbo ule wa Kiingereza wameuweka. Wakitaka watauendeleza wenyewe. Lakini Jumamosi wana harusi, na bibi yao ameshaanza kuchagua leso.